Kisogo cha Junior

Mwanangu ana wiki 12 na kichwa chake kina wenyewe. Mimi simo. Nimenunua beseni, nepi, vesti na blanketi lenye masikio ya dubu, lakini ikifika hoja ya kichwa, wenye hisa ni wengine: mama mboga wa langoni, kinyozi, jirani wa mlango wa tano, kondakta wa matatu asiyejua hata jina langu, na mzee mmoja muuza njugu pale soko la Kariobangi North, aliyewaacha wateja wawili wamesimama, akavuka barabara na kuniambia, "Kijana, shika shingo hiyo. Si ya kuku."

Nilikuwa nimeishika. Nilikuwa nimeishika kwa kiganja kizima, kidole gumba sikio hili, kidole cha kati sikio lile, kama mtu aliyebeba trei ya mayai ndani ya matatu iliyojaa. Lakini mtaani kwetu baba akipita na mtoto mchanga bila mama yake, watu hawaoni baba. Wanaona ajali iliyo njiani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo ya umbo ndiyo kazi yangu. Huu ni mwaka wangu wa 11 pale Light Industries, nanyoosha bodi za magari. Niletee mlango uliopigwa na mkokoteni, niletee boneti iliyosalimiana na nguzo ya stima, kesho kutwa jioni njoo uchukue gari lako. Nikifumba macho nikapitisha kiganja juu ya bati, nitakuambia palipogongwa, palipopakwa filla na fundi mwongo, na kama fundi huyo alikuwa na haraka. Wateja wangu hawanipigii simu wakiwa na furaha. Wananiletea mabonde, nawarudishia tambarare. Basi Mungu, kwa ucheshi wake, akanikabidhi bodi moja isiyokubali nyundo, halafu akaizungushia mafundi wa bure kila upande.

Alipozaliwa, kichwa chake kilikuwa kimechongoka nyuma kama kokwa la embe. Nilimwangalia nesi. Kwetu gereji kila bonde lina mwenyewe: ni mtu wa boda, ni ukuta, ni mke wa mwenye gari aliyekuwa akijifunza kurudi nyuma. Nikauliza kwa upole, "Sista, hapa ni nani aligonga?" Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza kwamba fuvu la mtoto si kipande kimoja. Ni mifupa kadhaa iliyokaa jirani bila kushikana, na wakati wa kuzaliwa kingo zake hupandiana ili kichwa kipenye mahali pembamba. Baada ya siku chache kila mfupa hurudi kwake.

Nikaelewa mara moja. Yaani mabati hayajachomelewa. Yamepangwa tu, na kati yake pameachwa nafasi makusudi. Ile nafasi kubwa ya mbele ndiyo utosi, nayo kwa watoto wengi huziba kati ya miezi 12 na 18, kwa wengine ikisogea hadi karibu miaka miwili. Ndogo ya kisogoni huziba mapema, kama miezi miwili hivi. Mimi ningempelekea mteja gari lililobaki na tundu kwenye paa kwa mwaka mmoja na nusu, ningefikishwa kituo cha polisi. Hapa unapewa mtoto na tundu lake, unaambiwa hongera.

Na kweli, wiki haikuisha kokwa la embe likawa limeondoka. Nikadhani yameisha.

Usiku wa tatu nyumbani nikaona utosi unacheza. Unapanda, unashuka, unapanda, kama injini iliyoachwa inanguruma polepole. Nikamwamsha mke wangu. "Mama Junior, kichwa kinapumua." Akafungua jicho moja, akaangalia, akalifunga. "Utaniamsha kikiacha." Baadaye nilikuja kujua kwamba ni mapigo ya damu tu yanayoonekana kwa kuwa hapo hakuna mfupa wa kuyaficha, jambo la kawaida mtoto akiwa mzima na ametulia. Lakini usiku ule nililala nimekaa, nikihesabu.

Mchana ikaja habari ya kofia. Upepo, inasemekana, huingilia utosini. Haijalishi kwamba jua lilikuwa kali kiasi cha kuchemsha maji juu ya bati. Kila aliyeingia nyumbani aliuliza marvin ya mtoto iko wapi, akaiona kichwani, akauliza ya pili iko wapi. Junior ana kofia nne za sufu na hajawahi kuona baridi. Siku moja nilizivua zote nikakuta jasho limetuama juu ya ule utosi kama maji ya mvua juu ya turubai, na kabla sijapata kitambaa, jirani wa mlango wa tano alishachungulia: "Baba Junior! Unampunga hewa kwenye ubongo?"

Huyu jirani wa mlango wa tano ana mtoto wake wa mwaka mmoja, na kwake ndiko nilikojua kwamba kukaza shingo ni mashindano. Wa kwake alikaza shingo wiki ya nne. Nilipomwambia wangu ana wiki sita na bado anaanguka kichwa kama mtu aliyesinzia kanisani, akasema ah, kwani nimesema ya nne, ilikuwa ya tatu. Tungezungumza dakika tano zaidi, yule mtoto angetoka tumboni akiwapungia mkono madaktari.

Nami nikakaa chini nikapiga hesabu, maana fundi hulaumu baada ya kupima. Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja kwa nane. Mimi nina sentimita 172. Kama ningekuwa nimeundwa kwa vipimo vya Junior, kichwa changu kingekuwa na sentimita 43 kutoka kidevuni hadi utosini. Ningeingia kwenye matatu kwa ubavu. Ningelipa nauli ya watu wawili. Na hiyo shingo ya kubeba mzigo huo haina hata miezi mitatu ya mazoezi, kwa sababu tumboni kichwa kilikuwa kikielea. Ningekuwa mimi, nisingekaza shingo wiki ya nne. Ningeomba kitanda na likizo.

Ya kwangu, likizo, ilikuwa siku tatu, na nilijipa mwenyewe. Najua sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa baba wiki mbili zenye malipo. Inampa baba mwenye mwajiri. Mwajiri wangu ni Probox iliyobonyea ubavuni, na Probox haijui nimezaa.

Lakini sijafika kwenye kisogo.

Ilikuwa wiki ya saba, asubuhi, mtoto amelala mapajani kwangu, nami namtazama kutoka juu. Hapo ndipo jicho la gereji likaona. Kisogo upande wa kulia kilikuwa bapa. Si kidogo. Bapa kama mlango wa friji. Na kama kawaida ya bati, ukigonga huku, kule kunatoka: sikio la kulia lilikuwa limetangulia mbele ya mwenzake, na paji la uso upande huo limejitokeza. Nikaleta futi kutoka kwenye sanduku la kazi. Mama Junior akaniuliza napima nini. Nikamwambia, kutoka sikio hili hadi… Sikumaliza. Futi ilirudi Light Industries siku hiyo hiyo, nami nyuma yake.

Chanzo nilikipata usiku, na chanzo chenyewe ni serikali. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ile taa ya nguzo ndefu upande wa Korogocho, ile tunayoiita mulika mwizi. Taa hiyo inamwaga mwanga juu ya paa zetu kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mtoto tunamlaza chali, na mtoto mchanga hupenda kitu kinachong'aa, basi Junior anageuza uso kulia, anaitazama mulika mwizi, analala akiitazama, anaamka akiitazama. Usiku kucha, kila usiku, kichwa chote kimeegemea pale pale. Sijui taa ile imekamata wezi wangapi. Najua kisogo kimoja ilichokiharibu. Stima ikipotea na nguzo ikizima, Junior hulia kama aliyefiwa.

Nikafanya kosa la kusema jambo hili kwa sauti.

Mama mkwe wangu anatoka Vihiga. Kwa desturi yao mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake, na nyumba yenyewe ikiwa chumba kimoja chenye pazia katikati, hata asiye na desturi asingelala. Kwa hiyo hulala kwa binamu yake Huruma, na kila asubuhi saa kumi na mbili yuko mlangoni, ameketi kwenye kigoda, amekigeuzia kitanda chetu mgongo. Mkono hatupeani. Tunasalimiana kwa umbali, kama mataifa mawili yaliyotia saini ya amani. Ni mama mwema, amelea saba. Alipokipapasa kisogo cha Junior akasema, "Samaki mkunje angali mbichi," akaomba maji ya uvuguvugu. Kuanzia hapo kila baada ya kuoga, mtoto anafinyangwa: kiganja huku, kiganja kule, polepole, kama anayetia ugali umbo kabla ya kuupakua. Alisema hivyo ndivyo alivyoviweka sawa vichwa vya watoto wake wote saba. Nikamwangalia mke wangu. Kichwa chake kizuri, sina neno. Halafu nikamkumbuka shemeji yangu mkubwa. Nikanyamaza, kwa sababu ya amani ile iliyotiwa saini.

Mama yangu mzazi yuko Kitui na hushiriki kwa simu. Tulimtumia picha. Akaitazama siku nzima, jioni akapiga: "Mwanangu, kichwa hicho si cha kwetu. Sisi vichwa vyetu ni mviringo." Simu ilikuwa kwa sauti ya nje. Kutoka mlangoni, bila kugeuka, mama mkwe akajibu kwamba hata kwao Vihiga kichwa cha namna hiyo hakijawahi kuonekana. Hivyo kisogo cha mwanangu kikakataliwa na koo mbili jioni moja. Kikawa kisogo cha nje ya ndoa.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu hapa ploti, alifundisha historia, na ukimpa nafasi hukurudisha darasani. Nilimpa. "Kijana," akasema, "unalia na kisogo bapa? Wamangbetu kule kaskazini-mashariki mwa Kongo, upande wa Isiro, walikuwa wakikifunga kichwa cha mtoto mchanga kwa kamba, mzunguko juu ya mzunguko, ili kirefuke kwenda nyuma. Lipombo. Ndiyo ilikuwa alama ya uzuri na hadhi. Wabelgiji walikuja kuipiga marufuku miaka ya 1950." Akaeleza kwamba hilo liliwezekana kwa sababu ile ile ya mabati yasiyochomelewa. Nikamuuliza, kwa hiyo ananishauri nini? Akasema hashauri, anafundisha. Nikarudi nyumbani na elimu yangu, nikamkuta mama mkwe na kamba ya leso mkononi. Alikuwa akifunga mzigo wa nguo tu. Lakini roho iliruka.

Kule gereji nako walikuwa na mpango. Mmoja wetu aliona kwenye simu kwamba Marekani watoto wenye visogo bapa huvishwa kofia ngumu, imechongwa kwa kipimo cha kichwa, inabana huku na kuacha nafasi kule, mtoto anaivaa karibu siku nzima kwa miezi. Bei yake ni zaidi ya dola 1,000. "Buda, hiyo tunaitengeneza hapa," akasema, na tayari alikuwa ameshika helmeti ya boda, anaitoa sponji. Mwingine akashauri fibaglasi. Wakaanza kubishana rangi. Niliwaacha wakiwa wamefikia kuweka stika.

Usiku huo, nikiwa zamu ya kubembeleza, nilisoma habari za kofia hizo. Watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lao mwaka 2014: watoto 84, nusu wakavishwa, nusu wakaachwa wakue wenyewe. Walipofika miaka miwili, vichwa vya makundi hayo mawili vilikuwa vimeimarika kwa kiwango kilicholingana. Yaani dola 1,000 na asiye na dola wakakutana mbele. Wahenga walisema kichwa cha kuku hakistahimili kilemba. Walijua, na hawakuenda Uholanzi.

Nikasoma pia kwa nini visogo bapa vimekuwa vingi huko kwa wenzetu. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani walianza kuwaambia wazazi wasiwalaze watoto kifudifudi, wawalaze chali au ubavu, kwa sababu waliolala kifudifudi walikuwa wakifa usingizini bila sababu kuonekana. Kampeni kubwa ikafuata mwaka 1994, na vifo hivyo vikashuka kwa karibu nusu ndani ya miaka michache. Visogo bapa vikapanda. Nilisoma hapo mara mbili. Kisha nikamwangalia Junior, chali, bapa, anapumua, anaitazama mulika mwizi yake. Nikaona kwa bei hiyo, bapa si ghali.

Asubuhi hasira zilirudi zote.

Wiki ya 10 ni ya kliniki. Foleni saa moja, vitabu vya kliniki vimepangwa mezani, mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye ile suruali ya mizani na kuning'inizwa kama kilo ya nyama, anapima kilo tano na nusu, analia. Sindano mapaja mawili, matone mdomoni, analia zaidi. Nilikuwa baba pekee kwenye benchi, na wamama sita tofauti walinionyesha jinsi ya kushika shingo. Wote kwa namna tofauti. Nikazitumia zote sita kwa zamu, kila mmoja akaridhika.

Mbele yetu aliketi msichana mdogo, pengine wa miaka 19, na mtoto aliyefunikwa kwa leso. Leso iliposogea niliona kichwa. Kilikuwa kikubwa, ngozi imevutika ikang'aa, na macho ya mtoto yameelekea chini kama jua linalozama. Hakuna aliyesema neno benchini. Wale wamama sita, mabingwa wa shingo za watu, wote walikuwa ghafla wanatafuta kitu mikobani. Nesi alimpisha msichana yule bila kusubiri zamu, akamwandikia barua ya rufaa, akatoka naye mwenyewe hadi getini, amemshika bega.

Alipofika kwangu alikuwa na futi yake mkononi, na mimi maswali yangu yote ya kisogo yalikuwa yamepungua sauti. Alizungusha futi kichwani kwa Junior. Sentimita 39 na nusu. Alizaliwa na 35. Akaweka nukta kwenye kitabu. "Ndiyo maana tunapima," akasema, "si ili kichwa kiwe kizuri. Ni ili tujue kinavyokua." Miezi mitatu ya mwanzo kichwa hukua kama sentimita mbili kwa mwezi, kisha moja, kisha nusu. Kikikimbia kupita hapo, au utosi ukivimba na kukaza mtoto akiwa ametulia, maji yanajaa ndani na hayo hayangoji. Ukididimia sana naye anaharisha au anatapika, amekaukiwa maji, na hilo nalo halingoji. Akanieleza kuwa kuna njia za kuyatoa maji ya kichwani. Daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alikaa miaka kadhaa katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, iliyofunguliwa mwaka 2001, akaboresha njia ya kuyafungulia mkondo mpya ndani kwa ndani, ili watoto wengi wasitegemee bomba linaloweza kuziba wakiwa mbali na hospitali. Mbale ya Uganda, si ile ya Vihiga. Nilipomsimulia mama mkwe jioni, alikuwa ameshanyanyua kidevu kwa fahari kabla sijafika hapo.

"Sasa na hiki kisogo, sista?" nikauliza, nikijua naaibika.

Akamgeuza Junior shingo kulia, akamgeuza kushoto, akapapasa misuli pande zote mbili. Inageuka sawasawa, haijakaza upande mmoja. Kungekuwa na ugumu au uvimbe, angetutuma kwa wataalamu wa viungo. Shingo kulegea wiki 10 si kitu, akasema, wengi hutulia kichwa kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Ikipita hapo bado kinaanguka, mlete. Kuhusu bapa, msikifinyange, msikiwekee mto, na msikivalishe chochote. Hapa alinitazama kana kwamba alikuwa amefika gereji. "Ubongo wenyewe unasukuma kutoka ndani. Nyinyi mwondoleeni uzito pale palipolalia."

Kutoka ndani! Miaka 11 nafanya nini mimi? Bonde la mlango hulipigi kwa nje, unafungua, unaingiza mkono nyuma ya bati, unalisukuma kutoka ndani. Kumbe Junior ana fundi wake humo, anagonga usiku na mchana, hadai malipo ya awali, na sisi huku nje tunamzuia kazi kwa viganja. Nilitaka kumweleza nesi yote haya. Akasema, "Anayefuata."

Dawa yenyewe ilikuwa na sehemu mbili, na zote zimeniumiza.

Ya kwanza: mgeuzieni mtoto mahali pa kulala, ili kinachomvutia kiwe upande wa pili. Rahisi kutamka. Kitanda chetu kikigeuzwa, mguu wake unakula nafasi ya kochi. Kochi likisogea linaziba kabati la vyombo. Kabati likihama, mtungi wa gesi unakuwa jirani wa pazia, na pazia haliwezi kuwa jirani wa gesi, kwa hiyo TV inapanda juu ya sanduku, na sanduku ndilo lilikuwa meza. Tulianza saa mbili asubuhi tukamaliza saa nane. Jirani wa mlango wa tano alikuja na kigoda chake akakaa kutazama. Tulipomaliza akasema kwamba sasa miguu yetu imeelekea mlangoni, na anayelazwa hivyo ni maiti. Mama mkwe naye, ambaye kwa wiki zote alikuwa amefaulu kutokitazama kitanda chetu, sasa akikaa mlangoni kinamtazama yeye. Ikabidi kigoda chake kiende nje, ukutani, na maagizo yawe yanapitia dirishani. Kochi lilipokatwa nafasi likabaki la mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu ndipo ninapolala, kwa sababu mtoto amelala kushoto, mama yake kulia kwa ajili ya kunyonyesha, na fundi hana fungu.

Ya pili: akiwa macho, mlazeni tumbo chini mkiwa mnamwangalia, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, ajenge shingo na kisogo kipumue. Junior haipendi kazi hii. Anawekwa juu ya mkeka, anaweka pua chini, analalamika ndani ya mkeka. Nesi alisema mzazi ajilaze mbele yake ili mtoto anyanyue kichwa amwone. Basi kila jioni nikitoka gereji, mafuta bado mikononi, najilaza kifudifudi sakafuni, kidevu kwenye simenti, namwita mwanangu kwa sauti ambazo sitaki zifike Light Industries. Anakinyanyua kichwa kama kobe anayechungulia kama mvua imekatika. Kinatetemeka. Sekunde mbili. Ananitazama, haamini alichokiona, kinaanguka pu. Mama mkwe anapiga vigelegele dirishani. Tunaanza tena.

Siku ya kumi na mbili alifika sekunde tisa. Nilihesabu mwenyewe. Kisogo nilikitazama kutoka juu, bila futi, na kama mnaniamini macho, bonde limeanza kupanda. Sikio bado limetangulia kidogo. Ni kioo cha pembeni tu, nikajiambia, gari linatembea.

Jumamosi nilimtoa nje akiwa begani kwangu. Hakulala begani. Alinyanyua kichwa, kikayumba, kikakaa, akaanza kuukagua mtaa: boda, mbuzi, jeneza lililokuwa likipakwa vanishi kwa fundi wa mbao, yote. Mimi nilikuwa natazama kushoto tu. Usiku kwenye nusu yangu ya kochi shingo ilikuwa imekamata, na tangu alfajiri haikuwa ikigeuka. Mama mkwe alijitolea kuagiza matibabu, maji ya moto na viganja, lakini mkono mkwe hapewi, kwa hiyo yeye alikuwa anaelekeza kupitia dirishani na Mama Junior ndiye anayebana. Walikosea upande.

Mama mboga aliacha kukata sukuma. "Ai, Junior! Kumbe shingo imeshika!" Akampigia makofi, akamchezesha kidole, akamsifu nyusi. Kisha akanigeukia, akanizunguka taratibu, kisu mkononi, akisoma pembe ya kichwa changu.

"Na wewe, Baba Junior," akasema, "huwa wanakulaza upande gani?"